Jinsi mawimbi ya redio yanavyotuonyesha sumaku ya Njia Nyeupe

Upolarishaji wa nuru niliujua baharini kabla sijausoma kitabuni. Tulikuwa kwenye mashua, jua limepanda kiasi, na maji yote yanang'aa kama bati jipya. Nikitazama chini sioni kitu. Nahodha akavua miwani yake akanipa. "Vaa hii, mwanangu, kisha angalia chini." Nikavaa, na mng'ao ukafutika palepale. Nikaona mwani, nikaona matumbawe, nikaona samaki wadogo wakikata kona chini ya mashua. Halafu nikalaza kichwa upande, sikio likikaribia bega, na bahari ikawaka upya. Nikakiinua, ikazima. Nikakilaza, ikawaka.

Miwani ile haikuwa inapunguza mwanga tu kama kioo cheusi. Ilikuwa inachagua. Nuru ni mtikisiko unaosafiri, na mtikisiko huo una upande wake: wa kusimama, wa kulala au wa mshazari. Nuru ya Jua hutufikia ikitikisika kila upande kwa pamoja, bila mpangilio. Ikigonga uso wa maji na kuruka kuja machoni, sehemu kubwa inayobaki ni ile ya mtikisiko wa kulala. Utando wa miwani hupitisha mtikisiko wa kusimama na kuzuia wa kulala, ndiyo maana ukilaza kichwa kila kitu hugeuka. Nuru ambayo mtikisiko wake umepangika upande mmoja ndiyo huitwa nuru iliyopolarishwa.

Mawimbi ya redio ni ndugu wa nuru hiyo, tofauti ni urefu wa wimbi tu. Wanaokumbuka antena za televisheni za juu ya paa, zile za vijiti vilivyolala, watakumbuka pia kwamba ukiigeuza visimame picha inakuwa chenga tupu. Antena ilikuwa inafanya kazi ileile ya miwani. Na kwa antena za namna hiyo, kubwa zaidi na makini zaidi, wanaanga, yaani wachunguzi wa nyota na galaksi, wamefanikiwa kupima kitu ambacho hakitoi nuru, hakina rangi wala umbo la kutazamwa: uga wa sumaku, yaani eneo lote inakofika nguvu ya sumaku, wa galaksi yetu nzima, Njia Nyeupe.

Dhaifu lakini mpana

Sumaku ya Dunia huku kwetu karibu na ikweta ina nguvu ya takriban theluthi moja ya gausi, kizio cha kupimia sumaku. Inatosha kugeuza sindano ya dira, basi. Uga wa Njia Nyeupe ni mikrogausi chache, yaani sehemu chache tu kati ya milioni za gausi moja. Kwa lugha nyepesi, ni dhaifu kuliko ule wa Dunia kwa karibu mara laki moja. Mtu ana haki ya kuuliza: kitu dhaifu hivyo kinasumbua nini?

Jibu liko kwenye ukubwa wa eneo na wembamba wa gesi. Uga huo umetandazwa kwenye makumi ya maelfu ya miaka ya nuru, na gesi iliyomo kati ya nyota ni nyembamba kupindukia, wastani wa atomu moja hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Ukilinganisha nishati iliyohifadhiwa kwenye uga na nishati ya mwendo wa gesi hiyo, unakuta zinakaribiana. Kwa hiyo uga una sauti katika kila kinachotendeka humo. Husaidia kuibeba gesi isianguke yote kuelekea kwenye bapa la galaksi, ile sahani yake pana ya nyota. Hupunguza kasi ya mawingu kujikunja na kuzaa nyota. Na huzipotosha njia za miale ya kosmiki, zile chembe zenye umeme zinazotugonga kutoka kila upande wa anga.

Hili la mwisho lina mfano ninaoupenda. Tarehe 27 Mei 2021 vifaa vya kunasia miale ya kosmiki vya Telescope Array huko Utah, Marekani, vilinasa chembe moja iliyopewa jina la Amaterasu. Nishati yake ilikaribia ile ya nazi ya kilo moja iliyoanguka kutoka urefu wa mita 4, yote imo ndani ya chembe moja ndogo kuliko atomu. Watafiti walipoirudisha njia yake nyuma ili wajue imetoka wapi, mstari ukaelekea mahali palipo karibu patupu, pasipo na galaksi nyingi. Ilitoka huko kweli, au sumaku za njiani ziliikunja? Huwezi kujibu bila ramani ya uga wa Njia Nyeupe. Chembe ya pekee namna hiyo, na tunashindwa kuijua nyumbani kwake kwa sababu hatujui vizuri mlango iliopitia.

Faraday na kioo chake

Mwaka 1845, katika maabara ya Royal Institution jijini London, Michael Faraday alichukua kipande cha kioo kizito chenye madini ya risasi, akakiweka karibu na sumaku kali ya umeme, akapitisha ndani yake nuru iliyopolarishwa. Sumaku ilipowashwa, upande wa mtikisiko ukazunguka. Ilipozimwa, ukarudi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuonyesha kwamba nuru na sumaku vina uhusiano wowote.

Angani hakuna kioo, ila kuna elektroni huru zilizotengana na atomu zake. Zinafanya kazi ileile. Ili uelewe kwa nini, waza watu wawili wanaozunguka uwanja wa mpira kwa kasi moja, mmoja kwa mkono wa kulia, mwingine kwa mkono wa kushoto. Kila wakikutana, wanakutana palepale, tuseme golini. Sasa mmoja akichelewa kidogo, mahali pa kukutania panaanza kusogea: leo goli, kesho kona, keshokutwa kibendera cha kati. Wimbi lililopolarishwa upande mmoja linaweza kuhesabiwa kuwa jumla ya mawimbi mawili yanayozunguka kinyume, na upande wa mtikisiko wake ni mahali pale pa kukutania. Panapokuwa na elektroni pamoja na uga wa sumaku uliolala sambamba na njia ya wimbi, mojawapo ya hayo mawili hutangulia mwenzake kidogo. Mahali pa kukutania panasogea. Upande wa mtikisiko unazunguka.

Kiasi cha kuzunguka hutegemea mambo mawili. La kwanza ni urefu wa wimbi: ukiuongeza mara mbili, pembe inaongezeka mara nne, maana inakua kwa kipeo cha pili. La pili ni kile kinachoitwa kipimo cha mzunguko, ambacho ni jumla ya elektroni zote za njiani, kila moja ikizidishwa kwa nguvu ya uga inayoelekea kwetu au kwenda mbali nasi. Kipimo kikiwa chanya, uga kwa wastani unaelekea kwetu. Kikiwa hasi, unatupa mgongo. Uga unaokatiza njia kwa upande hauhesabiwi kabisa hapa, na hilo tulishike kwa sababu litatusaidia sasa hivi.

Tupige hesabu moja

Upande wa anga wenye Kilimia, zile nyota ambazo wakulima wetu walizitazama kujua majira ya mvua, katika kundinyota la Ng'ombe kuna mabaki ya nyota iliyolipuka. Wachina waliandika habari za mlipuko huo mwaka 1054. Mabaki yanaitwa Nebula ya Kaa, na katikati yake kuna pulsari: kiini cha nyota kilichosinyaa, kinachojizungusha karibu mara 30 kwa sekunde, na kila kikizunguka kinatupiga na mwali wa redio uliopolarishwa. Iko umbali wa miaka ya nuru 6,500 hivi.

Kipimo chake cha mzunguko ni takriban hasi 42, kwa radiani (kizio cha pembe) kwa kila mita ya mraba. Hebu tuone namba hiyo inafanya nini. Kwenye wimbi la sentimita 6, upande wa mtikisiko umezunguka kama digrii 9 tu tangu kule hadi hapa. Kwenye wimbi la sentimita 21, digrii 106. Kwenye wimbi la mita 2, umezunguka duara zima zaidi ya mara 26. Pulsari moja, safari moja, sumaku ileile.

Pulsari ina zawadi ya pili. Elektroni za njiani huchelewesha mawimbi marefu kuliko mafupi, hivyo pigo lililotoka kwa pamoja linafika limesambaratika. Kwa pulsari ya Kaa, pigo la megaherzi 400 linafika likiwa limechelewa kwa sekunde 1.3 na ushei nyuma ya lile la megaherzi 1400. Ucheleweshaji huo haujali sumaku, unahesabu elektroni peke yake. Kwa hiyo unajua elektroni ni ngapi: wastani wake njia nzima ni kama mbili tu katika kikombe kidogo cha kahawa ya barazani. Ukigawanya mzunguko kwa elektroni, kinachobaki mkononi ni uga wenyewe. Hapa unapata karibu mikrogausi 0.9, ukielekea mbali nasi.

Lakini tulisema uga wa galaksi ni mikrogausi kadhaa. Mbona huu ni mdogo? Kwa sababu ya upande tunaotazama. Nebula ya Kaa iko karibu kabisa na upande ulio kinyume na kitovu cha Njia Nyeupe. Tukiitazama, tunatazama nje. Uga nao kwa sehemu kubwa unazunguka kitovu, kama mifereji ya santuri, kwa hiyo unakatiza njia yetu kwa upande badala ya kwenda nayo. Tunachopima ni masalia tu ya kile kilichopinda kidogo. Namba ndogo haikuwa kosa. Ilikuwa inatuambia uga umelala vipi. Nikiri kwamba hapa ndipo somo hili liliponishika mimi.

Saa yenye mshale mmoja

Kuna mtego uliowasumbua watu kwa miaka mingi. Antena inaweza kukuambia mtikisiko umelala kwa pembe gani, lakini haiwezi kukuambia umeshazunguka mara ngapi kabla ya kufika kwenye pembe hiyo. Ni kama kupewa saa ya ukutani yenye mshale wa dakika peke yake. Unaona ni na robo. Na robo ya saa ngapi?

Dawa yake ni kupima kwenye urefu wa mawimbi mwingi, ulio karibukaribu, na kuufuatilia mshale hatua kwa hatua. Zamani vipokezi vilikuwa vinasikia mkanda mwembamba tu, mmoja au miwili, na mtu akalazimika kubahatisha mizunguko. Vipokezi vya leo hugawa mkanda mpana katika maelfu ya vijimkanda, na kompyuta inajaribu kila kipimo cha mzunguko kinachowezekana na kuona ni kipi kinachoyaweka mawimbi yote sawa. Msingi wa hesabu hiyo uliandikwa na B. J. Burn mwaka 1966. Ikapata umbo linalotumiwa leo mwaka 2005 kwa kazi ya Michiel Brentjens na Ger de Bruyn huko Uholanzi. Karibu miaka 40 ya kusubiri mashine ziifikie hesabu.

Mzunguko huu angani ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1962. Wakati huo darubini ya Parkes huko Australia, dishi la mita 64, ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ifunguliwe. Wanaanga Cooper na Price waliielekeza kwenye galaksi ya Centaurus A, wakaona pembe ya mtikisiko inabadilika kwa kipeo cha pili cha urefu wa wimbi, kama ilivyotakiwa. Miaka mitano baadaye Jocelyn Bell, akiwa bado mwanafunzi Cambridge, akazigundua pulsari, na wanaanga wakapata taa zilizosambaa ndani ya galaksi yenyewe, si nyuma yake tu.

Taa hizi zinapataje mpangilio wa mtikisiko tangu mwanzo? Katika galaksi kama Centaurus A na katika kwasari, yaani viini ving'avu mno vya galaksi za mbali, elektroni hukimbia karibu na kasi ya nuru. Zikikutana na uga wa sumaku haziendi moja kwa moja, hujizungusha kwenye mistari ya uga kama mtambaa unavyojizungusha kwenye mti, na kila zinapopinda hutoa mawimbi ya redio yenye mtikisiko uliopangika. Kwa nadharia, asilimia 70 hivi ya mawimbi hayo yangeweza kuwa yamepolarishwa. Kwa kweli vyanzo vingi hubakiwa na asilimia chache, kwa sababu uga wao wenyewe umevurugika na sehemu moja inafuta kazi ya nyingine. Ndiyo maana kutafuta taa nzuri ni kazi.

Salio halikuonyeshi miamala

Sasa nifike kwenye ugumu halisi wa mambo haya, ambao maelezo mengi huupita harakaharaka.

Kipimo cha mzunguko ni salio. Ukifungua simu ukaona salio lako la pesa ni sifuri, hujui kama mwezi mzima hukupokea kitu, au zimeingia milioni mbili na zikatoka milioni mbili. Vivyo hivyo na wimbi. Uga wa sehemu moja ya njia ukiuzungusha mtikisiko kulia, na wa sehemu nyingine ukaurudisha kushoto, antena itaona namba ndogo na mtu asiye makini atasema hapa hakuna sumaku. Kwenye taa iliyo nje ya galaksi yetu hali ni ngumu zaidi, maana kila aliyekutana na wimbi ameweka au ametoa: chanzo chenyewe, galaksi za njiani, Njia Nyeupe, na mwisho kabisa angahewa ya juu ya Dunia.

Huyo wa mwisho anatuhusu kwa karibu. Tabaka la ionosifia, lenye elektroni zilizotenganishwa na miale ya Jua, huongeza mzunguko wake mdogo, wa kipimo cha moja hadi kadhaa, unaopanda mchana na kushuka usiku. Ikweta ya sumaku ya Dunia inapita Ethiopia, na pande zake zote mbili, kaskazini na kusini, ionosifia huwa nene kuliko sehemu nyingi za dunia. Anga la Tanzania na Kenya liko humo. Wanaanga husahihisha kasoro hiyo kwa kutumia mawimbi ya setilaiti za GPS, yanayopita tabaka hilohilo na kuchelewa humo humo.

Kuhusu mengine, dawa ni wingi na umbali. Ukiwa na taa nyingi zilizo karibukaribu angani, kila moja ikiwa na makosa yake ya nyumbani, makosa hayo hayafanani, hivyo moja linafuta jingine. Kinachobaki kwa wote ni kile walichokipitia pamoja, yaani galaksi yetu. Na ukiwa na pulsari kadhaa upande uleule, moja karibu, nyingine mbali zaidi, nyingine mbali kabisa, umepata taarifa ya salio ya tarehe tofauti. Kati ya pulsari ya kwanza na ya pili salio limepanda. Kati ya pili na ya tatu limeshuka. Basi mahali fulani kati yao uga umegeuka.

Na umegeuka kweli. Ukiitazama Njia Nyeupe kutoka juu, upande wa ncha yake ya kaskazini, uga wa ujirani wa Jua unazunguka kama mishale ya saa. Ukisogea kuelekea ndani, upande wa mkono wa Mshale, mmoja wa mikono ya nyota iliyojipinda ya galaksi yetu, unakuta unazunguka kinyume. Kwa nini, hakuna maelezo yaliyokubaliwa na wote. Wapo wanaosema uga hugeuka mara nyingi, mkono hadi mkono. Wapo wanaosema ni mgeuko mmoja mkubwa tu na mengine ni vurugu za hapa na pale. Uchunguzi uliofanywa Canada na kutolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mpaka wa mgeuko huo umelala mshazari. Mimi nawaelekea wa mgeuko mmoja, kwa sababu migeuko mingi mara nyingi huzaliwa na umbali wa pulsari uliokadiriwa vibaya: ukiikosea pulsari umbali, umeiweka taarifa ya salio kwenye tarehe isiyo yake. Na katika galaksi nyingine migeuko mikubwa ya namna hiyo ni nadra kuonekana.

Ramani zenyewe zimekua hivi. Mwaka 2009 Russ Taylor na wenzake walitoa vipimo vya vyanzo 37,543, vyote kutoka kwenye uchunguzi uliofanywa na VLA, darubini ya madishi mengi ya redio huko New Mexico, Marekani, miaka ya 1990. Ulikuwa na mikanda miwili tu, kwa hiyo saa ya mshale mmoja ilikuwemo ndani yake. Hata hivyo ndiyo ramani iliyowatoa watu gizani. Ilikuwa na taa moja hivi kwa kila digrii ya mraba, yaani kila eneo la anga linalotoshea Miezi mitano iliyopevuka. Ramani ya mwaka 2022, iliyokusanya vipimo vya watu wengi, ina vyanzo 55,190. Hivi sasa madishi 36 ya darubini ya redio ya ASKAP yanafanya uchunguzi uitwao POSSUM, unaolenga kufika karibu vyanzo milioni moja. Madishi hayo yako kwenye ardhi ya Wajarri Yamaji magharibi mwa Australia, nao wamelipa eneo jina la Inyarrimanha Ilgari Bundara, maana yake kushirikiana anga na nyota. Badala ya Miezi mitano kwa taa moja, kila Mwezi mmoja utakuwa na taa kadhaa.

Sumaku za wengine

Njia hiihii hutumika kwa galaksi za nje, na hapo tuna faida ya kuziona kutoka juu badala ya kukaa ndani yake kama siafu ndani ya mkate. Kwa dishi la mita 100 la Effelsberg, Ujerumani, pamoja na VLA, Rainer Beck wa Bonn na wenzake wamechora uga wa galaksi kama M51 na NGC 6946. Uga unafuata umbo la mikono ya nyota, ila katika NGC 6946 sehemu zake zilizopangika vizuri zaidi ziko kati ya mikono, mahali penye nyota chache. Ni kama nyota changa na milipuko yake huuvuruga uga pale zilipo, nao ukatulia kwenye nafasi za katikati.

Mpangilio huo unatoka wapi? Maelezo yanayokubalika zaidi ni dainamo. Wenye baiskeli wanaijua: tairi likizunguka, mwendo unageuka umeme, taa inawaka. Katika galaksi, gesi inayopitisha umeme inazunguka kwa kasi tofauti ndani na nje, huku ikikorogwa na milipuko ya nyota. Mwendo huo unavuta uga, unaunyoosha, unaukunja na kuukuza. Lakini dainamo ya baiskeli ina sumaku ndani yake tangu dukani, na ile ya galaksi nayo ilihitaji mbegu ya kuanzia. Mbegu ilitoka wapi, ni mjadala ulio wazi. Kinachoweza kupimwa ni muda iliochukua kukua.

Mwaka 2017 Sui Ann Mao na wenzake walichapisha kipimo ambacho kwangu ni cha ustadi mkubwa kuliko vyote katika uwanja huu. Walipata kwasari iliyojipanga nyuma ya galaksi moja kiasi kwamba mvutano wa galaksi hiyo unaigawa nuru ya kwasari katika taswira mbili. Chanzo ni kimoja, taswira mbili, njia mbili: kila moja inapita sehemu yake ya galaksi. Mzunguko wa taswira hizi mbili ukitofautiana, chanzo hakiwezi kulaumiwa, kwa kuwa ni kimoja. Njia Nyeupe haiwezi kulaumiwa, kwa kuwa taswira ziko karibu mno angani. Tofauti ni ya galaksi ile peke yake. Na nuru yake iliondoka huko karibu miaka bilioni 4.6 iliyopita. Uga waliouona ni wa mikrogausi kadhaa, umepangika, unafanana na wa galaksi za leo. Dainamo ilikuwa imeshamaliza kazi yake kubwa wakati Jua letu lilikuwa likizaliwa.

Huku Afrika, macho yako kwa MeerKAT, madishi 64 katika jangwa la Karoo, Afrika Kusini, yaliyozinduliwa Julai 2018. Yanaingizwa kwenye mradi mkubwa zaidi wa darubini za redio, SKA, ambao uchunguzi wa sumaku za ulimwengu ni mojawapo ya shabaha zake kuu, na Kenya ni kati ya nchi nane za Afrika zilizoungana na Afrika Kusini katika safari hiyo. Kitovu cha Njia Nyeupe hupita karibu na utosi kule Karoo, na hilo ni jambo ambalo darubini za Ulaya haziwezi kulinunua.

Mwaka 1984 Farhad Yusef-Zadeh na wenzake waliona karibu na kitovu hicho nyuzi ndefu nyembamba zinazong'aa kwa mawimbi ya redio yaliyopolarishwa. Kwa miaka mingi zilikuwa za kuhesabika. Picha ya MeerKAT iliyotolewa Januari 2022 ilionyesha karibu 1,000. Nyingine zina urefu wa miaka ya nuru 150, zimesimama wima dhidi ya bapa la galaksi, nyingi zimejipanga sambamba kwa nafasi zinazolingana, kama nyuzi za kinanda. Huko ndiko pia ilikopatikana, mwaka 2013, pulsari yenye kipimo cha mzunguko cha karibu hasi 67,000. Kwenye wimbi la sentimita 21, mtikisiko wake huzunguka zaidi ya mara 460 kabla ya kutufikia. Ile ya Kaa haifiki hata theluthi moja ya duara. Uga uliobaki wa galaksi umelala kwenye bapa na kulizunguka. Wa nyuzi hizi umesimama. Wanaodhani kuna mlipuko wa zamani uliotoka kitovuni na wanaodhani ni upepo unaokutana na mawingu bado wanabishana, na kila upande unasubiri vipimo vya mzunguko vya uzi mmoja baada ya mwingine.